Chembe Moja Bila Nyongeza

Mama aliyekuwa akiuza asparaga katika soko la Braunschweig alikuwa mnene, mwekundu wa mashavu, mwenye vidole vilivyochakazwa na udongo, na lau si kofia yake ya sufu aliyoivaa mwishoni mwa mwezi wa Mei, ningalisema ni jamaa wa akina mama wauzao nyanya kwa mafungu katika soko la Ngamiani kwetu Tanga. Aliviweka vile vijiti vyeupe juu ya mizani, tarakimu zikakimbia kisha zikatulia. Akaondoa kimoja, akarudisha kifupi zaidi, akatazama tena, mpaka mizani ikasoma kilo moja kamili, ndipo akavifunga katika karatasi na kunyoosha mkono apewe hela. Nikalipa, na baada ya kulipa nikabaki nimesimama palepale, nikingoja pasipo kujitambua kitu ambacho kila mnunuzi wa pwani hukingoja.

"Twende, Mjomba," mpwa wangu akaniambia akinivuta mkono. "Huku hakuna nyongeza."

Neno hela, nililolitumia sasa hivi bila kufikiri, lilitoka katika nchi ile ile, kwa heller iliyoingizwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja; wenyewe wameiacha zamani, nasi tungali nayo mdomoni, ijapokuwa mfukoni haikai. Lakini ule mtindo wa kupima hatukuupokea. Kwetu muuza mchele hujaza pishi yake, akaifuta kwa kiganja ili kila mtu ashuhudie kuwa ni pishi ya mfuto, kisha akachota ukufi mmoja akautupia kapuni baada ya hesabu kwisha. Na ukufi huo, ambao hauna bei wala hauandikwi popote, ndio umrudishao mnunuzi kesho yake. Nilikwenda Ujerumani nikiamini kuwa mtu asiyetoa nyongeza ni bahili. Majuma mawili niliyokaa huko yalinilazimisha kuitazama itikadi hiyo upya, na aliyenilazimisha hakuwa mama wa asparaga, bali kichembe cha almasi ambacho jicho halikioni.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu mkubwa. Somo la nuru nilimfundisha mimi mwenyewe alipokuwa msichana mdogo, kwa chaki, kipande cha kioo cha kunyolea na mwanga wa dirishani, maana maabara ya shule tuliyokuwa nayo ilikuwa kabati moja lililopotea ufunguo. Sasa anasomea udaktari wa fizikia, na kazi yake ni kupima vyanzo vya nuru vitoavyo fotoni moja moja. Aliponipokea stesheni aliniamkia, "Shikamoo, Mjomba," kwa sauti iliyowageuza watu shingo, nami nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa vivyo hivyo. Tukacheka, maana kwa dakika moja stesheni nzima ilikuwa yetu.

Jambo la kwanza lililonitia wasiwasi lilikuwa jua. Sisi wa pwani tumezoea jua lenye ahadi, lichomozalo saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, ambalo likikosea hukosea dakika chache, na juu ya uaminifu wake tumejenga hesabu yetu yote ya saa. Huko Braunschweig saa tatu ya usiku ilinikuta nimekaa kando ya mto Oker nikisoma gazeti pasipo taa, bata wanaogelea, watoto wanaendesha baiskeli, na magharibi bado haijaingia, hata nikawa naingoja sala kama mtu angojaye jahazi lililochelewa. Hesabu yetu ya saa isingeweza kuishi katika nchi ile hata mwezi mmoja. Mpwa wangu akaniambia kuwa mahali anapofanyia kazi zimo saa za atomi zisizojali jua lichomoze wapi, na kwamba ishara yake hurushwa kwa redio kutoka Mainflingen, karibu na Frankfurt, ili saa za nchi nzima zijirekebishe zenyewe usiku watu wamelala.

Mahali hapo huitwa Physikalisch-Technische Bundesanstalt, nayo ni taasisi ya taifa ya vipimo, iliyo nje kidogo ya mji, upande wa magharibi, baina ya miti mirefu. Humo ndimo Wajerumani wanamotunza asili za vipimo vyao: sekunde, mita, kilo, ampea, na kandela, ambayo ni kipimo cha ukali wa mwanga. Jina hili la mwisho halikuwa geni masikioni mwangu, kwani kandela ni neno la Kilatini lenye maana ya mshumaa, na Waarabu walilipokea zamani kwa njia ya Wayunani wakalifanya kindili, nasi tukalipokea kwa Waarabu tukalifanya kandili. Bibi yangu aliyekuwa akipangusa utambi wa kandili kila alasiri hakujua kuwa ameshika mkononi binamu ya kipimo cha mataifa.

Kabla ya kunipeleka huko alinipitisha katika uwanja wa soko la zamani, mbele ya jumba la baraza la mji, akanionyesha ufito wa chuma uliopachikwa katika nguzo. Ndiyo dhiraa ya Braunschweig, yenye kiasi cha sentimita 57. Mwenye duka la nguo ilimpasa kuilinganisha na kijiti chake, na mnunuzi aliyeshuku kuwa amepunjwa aliweza kukibeba kitambaa chake mpaka hapo, akakinyoosha juu ya chuma, akahukumu mbele ya kadamnasi. Kwa Kijerumani huitwa Elle, na neno hilo, kama dhiraa ya Kiarabu, ni jina la mkono wenyewe tangu kiwiko. Nikaweka kiwiko changu mwanzo wa ufito na kunyoosha kiganja. Vidole vyangu vikaishia mbali na mwisho. Kila mji wa Ujerumani ulikuwa na dhiraa yake, kama vile kila bandari ya pwani yetu ilivyokuwa na pishi yake, na bila shaka kila mji uliamini kuwa mkono wake ndio mkono wa haki. Si ajabu kwamba katika Kurani imo sura nzima iitwayo kwa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin. Magomvi ya kipimo ni ya kale kuliko magomvi ya mipaka.

Siku ya tatu nikaingizwa maabara.

Nilitazamia mwanga, nikakuta giza. Mapazia meusi mazito, kuta nyeusi, na katikati meza ya chuma iliyoelea juu ya hewa iliyoshindiliwa, ili hata kishindo cha lori barabarani kisiifikie. Juu ya meza msitu wa vioo vidogo na lenzi, kila kimoja kimefungwa kwa parafujo, na mwali wa leza wa rangi ya kijani ukipita baina yake mwembamba kama uzi wa buibui wenye umande. Mpwa wangu alisema kwa sauti ya chini, kama watu wasemavyo karibu na mtoto aliyelala, ingawa sauti haiwezi kuidhuru nuru.

"Kuwasha taa ni rahisi, Mjomba. Kazi yangu ni kuthibitisha kuwa taa hii inatoa chembe moja ya nuru, kisha moja, kisha moja, wala haitoi mbili kwa pamoja."

"Na ikitoa mbili?"

"Basi imetoa nyongeza. Na humu ndani nyongeza ni kosa."

Wahenga waliosema kuwa haba na haba hujaza kibaba hawakujua kuwa walikuwa wakieleza nuru. Mwanga unaoonekana kama mto usiokatika ni chembe juu ya chembe, nazo ni haba kupita kiasi: fotoni milioni moja za mwanga mwekundu zikifika kila sekunde, nguvu yake haifikii wati moja iliyogawanywa mara milioni, kisha kila kipande kikagawanywa tena mara milioni. Taa yetu ya kawaida, mshumaa, jua lenyewe, humwaga chembe hizo kama mtu amwagaye gunia la ulezi. Kuitoa punje moja kwa zamu, na kuwa na yakini kuwa ni moja, ndiko kugumu.

Chanzo chenyewe kilikuwa vumbi la almasi lililonyunyizwa juu ya kigae cha kioo. Hapo nilijiona nina haki ya kusema, maana sisi tuna Mwadui, na mtoto wa Tanzania aliyesoma jiografia anajua habari ya ile almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54 na nusu, iliyochimbwa huko mwaka 1947, akatunukiwa Elizabeth wa Uingereza kabla hajawa malkia. Sonara huipenda almasi kwa usafi wake. Mpwa wangu huipenda kwa dosari. Almasi ni kaboni tupu iliyojipanga safu kwa safu. Lakini mara nyingine atomi moja ya naitrojeni hukaa mahali pasipo pake, na kiti kilicho jirani yake huachwa kitupu. Mgeni huyo na kiti chake kitupu, vikipigwa na mwali wa kijani, humeza nguvu yake, vikatulia kitambo kisichofika hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, kisha vikatoa chembe moja nyekundu. Na kwa kuwa havina budi kutulia tena kabla ya kutoa nyingine, haviwezi kutoa mbili kwa mpigo. Ni kama mama aliye na kata moja tu kisimani: hata foleni ikiwa ndefu namna gani, hatekei wawili mara moja.

Namna ya kuhakikisha hilo ni nyepesi kuieleza kuliko kuifanya. Nuru itokayo katika vumbi lile hukusanywa kwa hadubini, ikaelekezwa kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, na mwisho wa kila njia limewekwa jicho la silikoni linaloshtuka hata kwa fotoni moja. Maji ya mto yakifika penye kisiwa hugawanyika, yakapita kulia na kushoto. Chembe moja haina wa kugawana naye: itapita, au itarudishwa. Kwa hiyo macho yale mawili yakishtuka kwa wakati mmoja, waliotoka mlangoni walikuwa wawili; na yakishtuka sasa hili, sasa lile, mamilioni ya mara, wala yasishtuke pamoja, alitoka mmoja mmoja. Nilipolifahamu hilo nilikaa juu ya kigoda kuliwaza. Maisha yangu yote nimeona watu wakipima kilichopo, mchele, nguo, mafuta ya taa, na hapa alikuwapo binti wa dada yangu akipima kwa bidii kitu kisichotokea.

Kazi ya asubuhi ile niliiharibu mimi. Tulikuwa tumekaa gizani kitambo kirefu, namba zikipanda taratibu kwenye kioo cha kompyuta kilichofunikwa, nami, kwa mazoea ya kutazama saa, nikaitoa simu mfukoni. Mwanga wake ukaruka ukutani. Namba zikachupa kama panzi, mpwa wangu akanyoosha mkono kufunga kilango cha yale macho, akasema neno moja tu, "Mjomba!" na katika neno hilo nilisikia sauti ya mama yake, hata nikajiona nina umri wa miaka sita nimevunja mtungi. Tukaanza upya. Sikuadhibiwa ila kwa kunyamaziwa, na simu ikabaki kabatini.

Baada ya saa kadhaa mchoro ukaanza kujitokeza. Ulifanana na yale ayaonayo mtu aliyesimama juu ya kilima kimoja cha Usambara akitazama kilima cha pili, na katikati bonde jembamba lenye kina. Vile vilima ni nyakati ambazo jicho moja lilishtuka na la pili likafuata baadaye kidogo. Bonde, lililo penye sifuri kamili, ni nyakati ambazo yote mawili yalishtuka pamoja. Kina cha bonde hilo ndicho cheti cha taa. Nuru ya leza, ijapokuwa safi kwa macho, haina bonde kabisa, chembe zake huja kama matone ya mvua juu ya bati, pengine moja, pengine tatu, pasipo mpango. Na kipimo chake ni moja kamili. Vichembe viwili vya almasi vikikaa pamoja, bonde huteremka mpaka nusu likakwama hapo. Kwa hiyo wapimaji wote wamekubaliana juu ya hiyo nusu: ukiwa chini yake, unaweza kudai kuwa mbele yako yupo mmoja, ukiwa juu yake, nyamaza.

Bonde letu lilikwenda chini sana, lakini halikugusa sakafu. Nikauliza ni nani aliyekuwa akivujisha. Akanihesabia: kigae chenyewe hung'aa kidogo kikipigwa na leza, macho ya silikoni hushtuka mara kwa mara hata katika giza tupu, kama mlinzi mzee aotaye wezi, na wakati hauwezi kukatwa vipande vyembamba bila kikomo. Kila moja ya kasoro hizo ilikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na namba ya pili ubavuni, ambayo ni kiasi cha shaka. Hawaandiki kipimo bila kuandika shaka yake. Desturi hii ina asili yake katika mji huo huo, kwa maana Carl Friedrich Gauss, aliyewafundisha wataalamu namna makosa madogo madogo yanavyojipanga katika mchoro wenye umbo la kengele, alizaliwa Braunschweig mwaka 1777. Nimewahi kusoma ripoti nyingi za ofisi katika nchi yangu, za maji, za mavuno, za wanafunzi waliofaulu. Sijaona hata moja ambayo mwandishi wake aliweka shaka yake kando ya namba.

Kipimo hiki cha macho mawili hakikubuniwa kwa ajili ya almasi. Kilibuniwa kwa ajili ya nyota. Mwaka 1956, huko Jodrell Bank katika Uingereza, Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walichukua vioo viwili vya kurunzi kubwa za jeshi, wakavielekeza kwenye Sirius, nyota ambayo Waarabu huiita Shi'ra na manahodha wetu waliijua kabla ya dira, wakasikiliza kama kelele za vioo hivyo viwili zinaafikiana. Zikaafikiana, na kwa maafikiano hayo wakapata upana wa nyota. Mwaka huo huo walionyesha kwa taa ya zebaki, ndani ya chumba, kwamba nuru ya namna hiyo hupenda kuja kwa mafungu: chembe moja ikifika, ya pili aghalabu iko nyuma yake. Wataalamu wengi waliona ni upuuzi, wakabishana nao kwa ukali, na katika kubishana huko elimu ya kuhesabu fotoni ikapata mizizi. Kinyume chake, yaani nuru inayokataa kuja kwa mafungu, ilionekana mwaka 1977, pale Kimble, Dagenais na Mandel walipotazama mwanga wa atomi za sodiamu huko Rochester, Marekani. Na mwaka 1986, huko Orsay karibu na Paris, Grangier, Roger na Aspect waliweka kioo cha nusu mbele ya fotoni zilizotoka moja moja katika atomi za kalisi, wakaona kwa hakika kuwa hazigawanyiki. Ni ajabu kidogo kufikiri kuwa mambo haya ni ya jana. Nilikwisha kuzaliwa.

Iko sifa ya pili wanayoipima, ambayo mpwa wangu aliipitia upesi kwa kuwa almasi yake, isipopoozwa sana, haiifaulu: kama fotoni ya sasa inafanana na iliyotangulia. Mbili zilizofanana kabisa zikikutanishwa juu ya kioo cha nusu, moja toka kila upande, hutoka zote kwa mlango mmoja, kama mapacha waliozoea kushikana mikono. Walioonyesha hilo ni Hong, Ou na Mandel mwaka 1987. Kwa kazi hiyo hutumiwa vyanzo vingine, vidoti vya madini vilivyopozwa kwa heliamu hata karibu na mwisho wa baridi yote, nami nilionyeshwa tangi lake kwa nje, likihema kama jokofu lililozeeka.

Tulipotoka nje macho yangu yaliumwa na mchana. Nikamwuliza swali nililolificha tangu asubuhi, nikiona haya kuwa mwalimu mzima naliuliza: faida ya taa isiyotosha kumulika hata ukucha ni nini?

"Ni siri, Mjomba," akasema. "Tuseme unampelekea mtu ufunguo wa barua kwa nuru, kila tarakimu juu ya chembe moja. Mwizi akiiba chembe, yule mtu ataona haikufika. Akiigusa na kuirudisha, ameiharibu, na wataona. Lakini taa yako ikiwa karimu, ikatoa mbili mahali pa moja, mwizi atachukua ile ya ziada, aiache nyingine ifike salama, wala hakuna atakayejua."

Nilisimama njiani. Tangu utoto nimeijua nyongeza kuwa ni wema usio na hasara kwa yeyote, na kumbe kuna biashara ambayo ndani yake ukufi wa hisani ndio mlango wa mwizi. Kanuni ya kupeleka ufunguo kwa njia hiyo waliitoa Bennett na Brassard mwaka 1984, na tangu hapo wenye benki na serikali wamekuwa wakiuliza wauzaji wa vyombo hivyo swali lile lile la mnunuzi wa nguo mbele ya nguzo: nani anayehakikisha kuwa moja yako ni moja? Hapo ndipo taasisi ya vipimo inapoingia. Kazi ngumu kabisa kwao, aliniambia, ni kuunganisha ngazi mbili zilizo mbali: juu iko mizani yao kuu ya nuru, ambayo huuacha mwanga upashe moto shimo jeusi lililopozwa sana, kisha hulinganisha joto hilo na joto la umeme uliopimwa, chini iko hesabu ya fotoni moja moja, ambayo shimo lile haliwezi hata kuihisi. Baina ya ngazi hizo hushuka kidato kwa kidato, na kila kidato kina shaka yake.

Jioni ile tulipika zile asparaga. Huchemshwa, zikaliwa na viazi na siagi iliyoyeyushwa, na ladha yake ni ya upole, karibu na ya moyo wa mgomba uliochemshwa vizuri. Mwaka mzima watu wa huko huzingojea kama sisi tunavyongoja maembe, kisha tarehe 24 Juni, siku ya Yohana, wanaacha kuzivuna. Weupe wake hautokani na mbegu: wakulima huzifukia kwa matuta ya udongo, na mvunaji huichoma kisu kabla haijatoa kichwa, kwa sababu ikionja jua kidogo tu hugeuka rangi. Mpwa wangu huzimenya kwa ustadi, kutoka kichwani kwenda chini, maganda yakianguka kama nyuzi. Niliona inafaa kuwa mtu anayefanya kazi gizani ale chakula kilichokulia gizani, nikanena hivyo, naye akanitazama kama wapwa watazamavyo wajomba.

Nyongeza niliipata siku ya Ijumaa, baada ya sala, kwa Mturuki mwenye duka la nyama ya kuchoma. Mizani yake ilikuwa na muhuri wa serikali wa kuhakikiwa, kama mizani zote za huko, naye alipima nyama yangu kwa uangalifu ule ule wa mama wa asparaga. Kisha, mizani ikiwa imekwisha kusema na hesabu imekwisha andikwa, akakata kipande cha mkate, akatia zeituni sita katika kibakuli, akanisogezea. Nikagusa mfuko. Akatikisa kichwa, akasema, "Ikram." Hatukuwa na lugha moja, walakini neno hilo halikuhitaji mkalimani kwa mtu anayejua takrima na ukarimu. Mzee huyu alikuwa amepata njia: akiwa mbele ya mizani ni Mjerumani, akiwa kando yake ni mtu wa kwetu, wala hachanganyi.

Kabla ya kurudi nilitaka kuiona Berlin, na katika Berlin mtaa mmoja, Charlottenburg, kwa sababu hapo ndipo taasisi hii ilipoanzia mwaka 1887, kwa ardhi iliyotolewa na Werner von Siemens, na Hermann von Helmholtz akawa rais wake wa kwanza. Nilifika jua likikaribia kuchwa. Katika baadhi ya mitaa ya mji huo zingali taa za gesi, zenye mwanga wa rangi ya samli, na nilitembea chini yake polepole, nikijua zina uhusiano na safari yangu kuliko zinavyoonyesha. Mwishoni mwa karne ya 19 gesi na umeme vilishindania barabara, na wapimaji wa hapo walitakiwa waseme ni upi mwanga ulio bora. Kipimo walichokuwa nacho kilikuwa taa ya Hefner, kitaa kidogo chenye ulimi wa moto wa milimita 40, kilichopepesuka mtu akipiga chafya. Wakatafuta kipimo imara zaidi: tanuri jeusi lenye tundu, lililopashwa moto, ambalo mwanga wake hautegemei utambi wala upepo. Waliupima kwa makini mno, na mwaka 1900 vipimo vya Rubens na Kurlbaum vikakataa kufuata kanuni iliyokuwapo. Max Planck akaitengeneza kanuni mpya mwezi wa Oktoba, na tarehe 14 Desemba akaeleza kuwa haikubaliki ila kwa kuitoa nguvu kwa vipande, kipande kwa kipande. Miaka mitano baadaye Einstein akasema nuru yenyewe ni vipande. Elimu yote ya kwanta, na kichembe cha mpwa wangu kikiwamo, ilitokana na watu wa vipimo waliotaka kujua bei ya haki ya taa ya barabarani.

Niliporudi Tanga dada yangu alinikalisha ukumbini, akanitilia kahawa, akataka nimweleze yote. Nikamweleza. Nilimwambia habari ya giza na meza ieleayo hewani, ya kiti kitupu ndani ya almasi, ya macho mawili, ya bonde, ya mwizi na chembe ya ziada; nikamchorea hata mchoro kwa kidole juu ya jamvi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Anakula?"

Nikamjibu kwamba anakula, ila nazi ya huko ni ya kopo.